Vua Viatu Kwanza

Baba yangu alikuwa fundi wa sakafu, na mtaani wote walimwita Pekupeku. Ukienda karakana kwake kuchagua sakafu, hujafungua mdomo ameshakuambia, "Vua viatu kwanza." Wenye magari na walalahoi, wote walivua. Alitandika chini vigae vya kung'aa, vigae vya kukwaruza, mbao, saruji iliyosuguliwa, nawe ukapita juu yake huku yeye akikukodolea macho usoni. Alisema macho hudanganyika na kung'aa, lakini mguu ndio utakaoishi na sakafu. Mama mmoja mwenye kucha za rangi alilalamikia vumbi, baba akamwonyesha bomba lilipo.

Nyumbani kwetu tulikuwa na saruji tupu yenye nyufa, maana mafundi ndivyo walivyo. Mama alimtania kwamba labda ajifanye mteja, apange foleni. Kisha sukari ikamtia mama upofu, na hapo baba akaziweka kando kazi za watu.

Kilichomuuma mama kuliko giza ni kuomba. Aombe ashikwe mkono kwenda jikoni kwake mwenyewe! Baba akaamua kila chumba kiwe na sakafu yake, ili akitia mguu tu ajue alipo: mbao sebuleni, vigae vya chengachenga jikoni, saruji laini ukumbini, vijiwe vya mviringo bafuni. Mimi na mdomo wangu nikasema vigae vya aina moja vingekuwa rahisi kupiga deki.

"Wewe utapiga deki uende kwako," baba alinijibu. "Huyu ataishi humu."

Alifanya kazi kwa magoti mpaka yakavimba. Alipomaliza, akapiga marufuku viatu ndani. Ndala za mama zikabaki mlangoni, zikashika vumbi.

"Uko wapi sasa, mke wangu?" alikuwa akimuuliza akiwa chumba kingine.

"Jikoni! Hivi vichenga vyako vinanitekenya."

Baba alicheka kama mtoto. Miaka yote ya kusifiwa na wateja, sikuwahi kumwona na furaha ile.

Siku moja niliingia nikamkuta mama ameketi sebuleni, ametulia. Kutoka jikoni mpaka kwenye kiti chake kulikuwa na alama za damu, hatua kwa hatua. Kipande cha bilauri iliyovunjika kilikuwa kimesimama kisiginoni.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Kaa, mbao zina ubaridi mzuri leo."

Nilipiga ukelele. "Mama! Hukusikia umechomwa?"

Akashusha sauti. "Miguu ilikufa ganzi kabla ya macho. Napapasa ukuta, nanusa, basi. Usimwambie baba yako."

Baba alikuwa mlangoni nyuma yangu, ndala zake mkononi.

"Si ulisema vinakutekenya?" aliuliza.

Mama akageuza uso ilikotoka sauti. "Ulipiga magoti mno kwa ajili yangu, mume wangu. Ningekuambiaje?"

Kwenye zahanati, muuguzi alisafisha kidonda huku amekasirika. "Nani kamwambia mgonjwa wa sukari atembee pekupeku?" Baba alitazama chini. Kidonda kilikataa kufunga. Wakakata vidole, wakaja kukata mguu, na mwisho tukamzika.

Nilimkasirikia mama kwa ule uongo wake wa upole. Nilimkasirikia na baba. Lakini utamkasirikia vipi mtu aliyeacha kula, anayeingia nyumbani kwake na viatu vyake vizito vya kazi na kulala navyo?

Aliporudi karakana, nilikwenda kukaa naye. Alikuja mwanamume mmoja na mama yake mzee, wakitaka sakafu ya chumba cha huyo bibi. Yule mwanamume sifa za Pekupeku alikuwa nazo kichwani, kwa hiyo kabla ya salamu kwisha alishainama na kumvua mama yake kiatu kimoja.

Baba akapiga magoti kwa taabu. Akakichukua kile kiatu, akamvalisha bibi, akaifunga kamba polepole.

"Usivue, mama," alimwambia. "Niambie kwanza. Na nakuomba, usinifurahishe. Miguu yako unaisikia?"