Chuku Mgongoni mwa Baba

Nikipita karibu na duka la dawa za Kichina pale Parramatta, huku ughaibuni, harufu hunidaka kabla sijauona mlango: magome yaliyochemka, tangawizi kavu, na uchachu fulani wa soksi zilizolowa. Wenzangu huongeza mwendo. Mimi husimama, na shaka zangu za utotoni huamka zote kwa pamoja.

Nisikufiche, msomaji, mimi nilizaliwa na shaka. Hata maziwa nilikuwa nayanusa kwanza. Kwa hiyo sufuria ya dawa ilipoanza kuchemka jikoni kwetu Doonside, nilijua pana jambo. Baba alikuwa ameangukiwa na kreti ghalani kazini, mfupa wa mgongo ukapata ufa. Hospitali ilimtibu na bima ikalipa, mpaka daktari wa bima aliposema amepona, na bima ikakunja mkono. Baba akabaki anatembea kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji. Ndipo mwenzake wa kazini akampeleka kwa tabibu wa Kichina, mama mmoja mpole aliyesema mgongo ule utataka matibabu ya mwaka mzima au zaidi, na asithubutu kuacha katikati. Malipo yalitoka kwenye shifti za ziada za mama yangu, aliyekuwa akihudumia wazee.

Siku moja baba alirudi kutoka huko akavua shati. Mgongo mzima ulikuwa na miduara ya zambarau, mikubwa kama vifuniko vya chupa za jemu. Jirani yetu Mama Neema, Mtanzania wa Tanga asiyeshangazwa na kitu, alichungulia akacheka.

"Kumbe Wachina nao wanapiga chuku! Bibi yangu alitumia pembe ya ng'ombe."

Hapo ndipo nilipopotea. Wazazi wangu ni Wakenya, lakini Kiswahili changu kilikuwa cha masikioni tu. Nilisikia, nikajibu kwa Kiingereza. Na kupiga chuku nilikujua kwa maana moja, ile ya mama kila nilipodai mwalimu ametupa kurasa mia za kusoma: "Wacha kupiga chuku, wewe!" Yaani kutia chumvi, kudanganya. Kwamba chuku ni pembe ya kumuumikia mgonjwa, kuvuta damu iliyovilia, hakuna aliyewahi kuniambia. Basi mimi nikaelewa kwamba baba anajifanya mgonjwa, na Mama Neema amemgundua. Daktari wa bima naye si alisema vilevile?

Nikaanza upelelezi. Nilidondosha peni makusudi nione kama atainama. Aliisukuma kwa mguu hadi kwangu, akasema, "Okota, mama." Nikamwona mjanja kweli.

Kisha jioni moja mama akachelewa kurudi. Alikuwa ameshikwa na usingizi kwenye treni baada ya shifti mbili mfululizo, akapitiliza Doonside, akaamshwa mwisho wa reli. Alifika akijicheka mwenyewe, nasi tukacheka. Baba hakucheka. Alikuwa akiitazama ile sufuria jikoni.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, baba alimnyanyua mdogo wangu juu mbele ya waumini wote. "Nimepona kabisa! Bwana asifiwe!" Kina mama wakapiga vigelegele. Sufuria ikasuguliwa, ikarudi kusonga ugali, na mama akaacha shifti za ziada. Nami nikajipongeza moyoni. Nilidhani mwongo amechoka na uongo wake.

Juzi tu nilikuwa na baba Parramatta, harufu ile ikatukuta njiani. Akasimama, akavuta pumzi ndefu, na mkono wake ukaenda wenyewe kiunoni. Shaka ikaamka.

"Baba, ule mgongo ulipona lini?"

Alitazama huku na huku, utadhani mama yuko nyuma yetu.

"Haujapona. Usimwambie mama yako. Siku ile kanisani nilipiga chuku tu."

Nilishindwa kucheka, na kulia nikaona aibu, pale katikati ya watu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemshika mtu mwenyewe, kwa neno lenyewe. Nilikosea siku. Nilimshuku baba alipokuwa anaumwa, nikamwamini aliposema amepona.