Cheti cha Argyro na Glasi ya Baba Yake

Argyro hakuwahi kushukiwa wizi mpaka siku aliyokwenda kutahiniwa. Na hata siku hiyo hakuna aliyelitamka neno lenyewe, maana watahini ni watu wa adabu. Waliuliza tu, kwa sauti ya chini, raki, ile pombe kali ya kienyeji, imekwenda wapi.

Nirudi nyuma kidogo, msije mkadhani namtetea bure. Argyro aliingia hoteli ya Manousos, pale ufukweni Rethymno, kisiwani Krete, kutandika vitanda. Akapanda mapokezi, akapanda ofisi ya hesabu, na kwa miaka mingi hapakuwa na ankara iliyopita bila yeye kuiona. Kisha Manousos akazeeka, akaiuza hoteli kwa kampuni ya Athens, na kampuni ikatoa sharti moja: mkuu wa hesabu awe na cheti cha uhasibu wa hoteli kabla ya Juni. Asipokuwa nacho, kiti kitakaliwa na mtu mwingine.

Basi majira yote ya baridi, hoteli imefungwa na viti vimepinduliwa juu ya meza, Argyro alisoma. Bei za vyumba, gharama za jikoni, bajeti, kodi. Baba yake, Mzee Polychronis, mgane aliyekaa nyumba ya jirani, alikuja jioni kummenyea machungwa. Alimwekea karibu na mkono, akaondoka kimyakimya. Alimwogopa kidogo binti aliyekaa akijisemea tarakimu peke yake.

Mtihani wa maandishi aliufaulu vizuri. Ukabaki ule wa mdomo, mjini Iraklio, kueleza hesabu za hoteli yake mwenyewe mbele ya jopo. Argyro alikwenda kifua mbele.

"Bi Argyro," alisema mtahini mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, "mmenunua raki nyingi kuliko mliyouza. Nyingi sana. Iko wapi?"

"Imenywewa."

"Na nani?"

"Na wageni. Mtu akishakula anawekewa raki na tunda. Takrima hiyo, mama."

"Nani anaidhinisha?"

Argyro alidhani anataniwa. "Aliyeshika chupa."

"Inaandikwa wapi?"

"Haiandikwi! Takrima ukishaiandika, si umemdai mtu?"

Yule mama akavua miwani. "Mimi pia mtu wa Krete, dada yangu. Baba yangu alikuwa na mkahawa. Lakini kwa karatasi hizi, hoteli yenu inaibiwa kila siku na mlinzi wake ni wewe."

Argyro masikio yalimwaka moto. Yeye, aliyewahi kumfukuzia mgeni hadi kituo cha basi kumrudishia chenji! Walimpa mpaka mwisho wa Mei arudi na takrima iliyoandikwa, glasi kwa glasi. Alitoka bila hata kuaga, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakukumbuka kufungua koti.

Pasaka hoteli ikafunguliwa. Argyro akawakusanya wahudumu: kuanzia leo kila takrima inaingizwa kwenye mashine ya risiti, namba ya meza na jina la aliyetoa, na kilichoingia hakifutwi. Sifis, mhudumu mkongwe kuliko wote, alicheka mpaka akaona anacheka peke yake.

"Kwa hiyo namkaribisha mtu kwa mkono huu, kwa mkono huu namchongea?"

"Ingiza tu, Sifis."

"Na Mzee?"

Mzee Polychronis alikuwa na kiti chake karibu na mlango wa jikoni. Alasiri zote, tangu binti yake alipokuwa akitandika vitanda, aliingilia jikoni, akawasalimu wapishi, akaketi kwa raki moja na zeituni. Hata Manousos hakuwahi kukikalia kiti kile.

"Naye pia," alisema Argyro. "Meza ni meza."

Nilimpenda Argyro, lakini neno lile angelimeza tu.

Wiki chache baadaye Sifis alimwambia, "Mzee siku hizi anaacha glasi imejaa." Argyro hakuinua macho kutoka kwenye karatasi zake. "Tumbo hilo. Umri."

Mwisho wa Mei alirudi Iraklio na karatasi zake, na safari hii yule mama mwenye miwani alimpa mkono. Cheti kikaja. Huku kwetu aliyepata jambo la heri ndiye anayekaribisha wenziwe, kwa hiyo alasiri moja Argyro aliwaita wahudumu na wapishi wote barazani. Baba yake alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi.

"Kunyweni, leo ni juu yangu!" alisema Argyro, cheti kimeegemezwa kwenye chupa.

"Kiinue juu tukione!" wapishi walipiga kelele.

Mzee aliinua glasi akainywa yote kwa mkupuo mmoja. Watu wakashangilia. Kisha akasimama, akatoa kibeti chake cha ngozi, akaweka sarafu ya yuro mbili mezani mbele ya Sifis.

Wapishi walishusha glasi zao. Hapo kwetu kumlipa aliyekukaribisha ni kumzaba kofi mbele za watu.

"Baba! Unafanya nini?"

"Nalipa."

"Nakukaribisha mimi! Mwanao!"

"Wewe?" Mzee hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha. "Ninyi hapa hamkaribishi tena, mwanangu. Mnaandika. Nilimuuliza Sifis anabonyeza nini kila nikikaa, akaniambia."

"Sifis, mrudishie hela yake!"

Sifis alikuwa ameinamia mashine. Mkono wake ulishazoea. "Risiti imeshatoka, bibie. Na ulisema hakifutwi kitu."

Akamhesabia Mzee chenji. Mzee akaipokea, akaikunja ile risiti mara mbili, akaitia mfuko wa shati. Akamshika binti yake kichwa kwa mikono miwili, akambusu kwenye paji la uso.

"Hongera, mwanangu. Umefaulu kweli."

Kisha akauacha mlango wa jikoni, akapita mapokezi, akatokea mlango wa wageni.