Ubongo Kiziwi

Yunusu wa mji wa Baraka alipenda sifa, tuseme ukweli, na sifa za barabarani ndizo mbaya kuliko zote. Gari lake dogo la turbo lilibeba abiria kwenda Uvira na kurudi, na dereva yeyote aliyempita alijua atapitwa naye kabla ya Mboko, katikati ya njia.

Kisha mto ulifurika, naye akalazimisha kuuvuka. Maji yakaua kile kisanduku kinachoamua injini ipewe petroli, esanse kama wanavyoiita huko, kiasi gani na cheche iwake wakati gani. Mafundi wanakiita ubongo. Cha asili hakikupatikana tena, kwa hiyo Henri, fundi wa Uvira, akamwekea mezani viwili vya kampuni nyingine.

"Hii iko na sikio," Henri akamwambia. "Esanse ikikuwa mubaya, inasikia moteri inagonga, inapunguza turbo yenyewe. Ile ingine iko kiziwi. Iko na nguvu sana, lakini esanse ya mu chupa, ile wanachanganyaka, itaua moteri. Mi ningekamata ya sikio."

"Na esanse mubaya, hii ya sikio itatembea polepole?"

"Ndiyo, lakini utafika."

"Basi unipe kiziwi. Mi sibebake bibi-arusi."

Sikio la kufa halisikii dawa. Miezi kadhaa alijilinda: alijaza kwenye pampu Uvira na kubeba bidoni, yaani dumu, ya kurudia Uvira. Gari likaruka, sifa zikarudi.

Mama yake, Munira, alikuwa Uvira kwa binti yake Latifa, akitibiwa. Alikuwa na ombi moja, akalirudia hadi wakachoka kulisikia: azikwe Baraka, kando ya mume wake.

Alifariki alfajiri. Kwa Waislamu wa kando ya ziwa maiti hacheleweshwi. Akaoshwa, akavikwa sanda, viti vya gari vikalazwa ili anyooke. Mdogo wao Juma akapigiwa simu Baraka, aanze kuchimba kaburi. Lakini siku hiyo pampu zote za Uvira zilikuwa kavu. Yunusu akanunua petroli ya chupa kando ya barabara. Alijua anachokifanya, akanunua hivyo hivyo.

Angeendesha taratibu, huenda wangefika. Ila mguu wake haukuwahi kujifunza taratibu, na safari hii alikuwa na kisingizio kitakatifu. Kwenye mwinuko injini ikaanza kugonga, kama changarawe ndani ya sufuria.

"Yaya, gari inalia," Latifa akamwambia kaka yake mkubwa.

"Naisikia," akajibu, akakanyaga zaidi.

Karibu na Mboko moshi ukatanda, nguvu ikakatika, gari likasimama. Pistoni ilikuwa imetoboka.

Alimpigia simu kila dereva aliyemjua. Wote walikuwa wamekwama kwa kukosa petroli. Kwa Juma peke yake hakupiga, aliona haya. Vijana wa pikipiki, zile zinazoitwa moto huko, wakajitolea kumbeba marehemu.

"Hapana," Latifa akasema. "Mama hatutamufunga pa moto sawa gunia ya muhogo."

Waislamu wa Mboko wakaja bila kuitwa. Wakatoa mahali pa kumzika, wakashika majembe, na baada ya alasiri wakamswalia. Hawa ni watu ambao kwa miaka Yunusu aliwapita akiwaachia vumbi. Wema wao ulimuuma. Alitamani hata mmoja amtukane. Akashuka kaburini, akampokea mama yake, akamlaza kwenye udongo wa watu.

Walikuwa wanamalizia kufukia kaburi, simu ilipolia.

"Yaya, muko wapi?" Juma akauliza. "Huku watu wote wanangojea. Kaburi iko tayari, pembeni kabisa ya baba. Mama angeiona, angefurahi."

Yunusu alisogea mbali na watu.

"Juma, mama tulishamuzika. Hapa Mboko. Gari iliharibika. Ni mimi."



"Na hii ya huku?" Juma akauliza. "Tuifanye nini?"

Yunusu aligeukia kaburi la mama yake.

"Muifukie," akasema.