Sentensi Moja ya Fundi wa Ngara

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu leo ni siku gani. Tarehe waliijua wenyewe. Mimi niliwaambia kwamba leo ni siku ya vyoo duniani, au siku ya walimu, kwamba siku kama ya leo nchi fulani ilipata uhuru au meli fulani ilizama, kisha nikawapa jambo la kushangaza la kwenda nalo kazini: pweza ana mioyo mitatu na damu yake ni ya buluu. Niliandika haya yote katika chumba kidogo cha habari, kwenye jengo moja la katikati ya jiji, na mtangazaji wa asubuhi akayasoma kwa sauti yake nzito kana kwamba ameyawaza mwenyewe. Jina langu halikutajwa hata mara moja. Sikujali. Nilijua wapo watu mtaani Ngara wanaojua ni nani aliyeandika.

Mama yangu aliuza mapazia ya mitumba Ngara. Alitoka magharibi mwa nchi akiwa msichana, akaolewa, akafiwa, akanisomesha kwa mapazia hayo. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, mkabala na duka la vitambaa la mzee mmoja Mhindi ambaye alilirithi kutoka kwa babake na aliishi ghorofa ya juu yake na mkewe. Jioni mzee alimruhusu mama kuweka marobota yake stoo. Na asubuhi, alipofungua duka, aliiweka redio yake kwenye kaunta na kuongeza sauti ili mama asikie.

"Mama, binti yako anaongea sasa," alikuwa akisema, ingawa aliyeongea hakuwa mimi.

Mzee huyu alikuwa na namba yangu ya simu na hakuona haya kuitumia. Nikikosea jambo, alipiga kabla kipindi hakijaisha. Mwaka mmoja niliandika kwamba Diwali ni sikukuu ya taa, basi. Alinipigia nikiwa bado na kikombe cha chai mkononi.

"Taa, taa! Kila mwaka unasema taa. Ukiulizwa Krismasi ni nini utasema ni sikukuu ya mti?"

Mwaka uliofuata nilimwomba anieleze, nikaandika alivyonieleza, na mkewe akamtuma mama aniletee sanduku la peremende.

Mtu wa tatu aliyesikiliza redio hiyo alikuwa fundi wa cherehani. Alikaa kwenye baraza la duka la mzee, mashine yake ikitazama barabara, akishona sare za shule na kurekebisha suruali za watu waliopungua au kunenepa. Alikuwa mtu wa Busia, mrefu, mwenye kucheka kwa sauti. Kipindi changu kilipoanza aliondoa mguu kwenye pedali. Aliyasikia yote, akayapenda yote, na hakuna hata moja alilolikumbuka sawasawa. Wateja wake waliambiwa kwamba pweza ana mioyo saba. Mama alipomsahihisha alisema, "Saba, tatu, si bado ni mingi?" na akaendelea kuwaambia saba.

Kiwanja kile chenye vibanda kilikuwa na mwenyewe. Tulijua hivyo siku zote, kama mtu anavyojua kwamba ana ini. Halafu mwenyewe akauza, na aliyenunua alitaka kujenga. Kulikuwa na kesi, kulikuwa na wakili aliyekula michango ya wafanyabiashara na kunyamaza, na asubuhi moja ya masika, kukiwa kumepambazuka tu, tingatinga likaja na vijana wa kukodi wenye marungu.

Mama alifika likiwa tayari limemaliza safu ya kwanza. Marobota yake yalikuwa stoo kwa mzee, salama. Lakini fundi alikuwa ameanza kuhifadhi nguo za wateja kwenye kibanda cha mama usiku, kwa sababu baraza lilikuwa linavuja. Sare za shule. Muhula ulikuwa unafunguliwa wiki hiyo. Aliingia akatoka na mzigo, akaingia tena. Mama alimshika shati akamwambia aache. Alimwambia, "Mama, hizi si zangu," akajinasua. Aliyeendesha tingatinga alikuwa anatazama upande mwingine. Ukuta wa mawe uliokuwa nyuma ya vibanda ndio uliomwangukia. Walimtoa kwa mikono yao, mama, mzee Mhindi na wachuuzi wengine, huku mvua inanyesha, na akakata roho barazani, pale alipokuwa akikaa kila siku.

Magazeti yaliandika kuhusu msongamano wa magari uliosababishwa na ubomoaji huo. Kituo chetu pia. Nilikuwa nimempa mhariri habari ya kifo, nimempa na jina, lakini jioni taarifa iliposomwa ilikuwa imebaki "mali ya thamani isiyojulikana iliharibiwa".

Mwaka mmoja tangu kifo cha fundi ulipokaribia kutimia mama alinipigia simu. Wakati huo alikuwa akiuza mapazia yake chini, juu ya turubai, kando ya barabara huko Dagoretti karibu na machinjio, ambako wanunuzi hutaka nyama na hawana haja na mapazia.

"Tutakutana dukani kwa mzee," alisema. "Mjane wa fundi atakuja kutoka Busia. Tumesema tusali kidogo. Na tumesema wewe umtaje."

"Nimtaje vipi, mama?"

"Kwenye siku kama ya leo. Si ndiyo kazi yako? Sentensi moja tu."

Nilimwambia itawezekana. Niliamini itawezekana. Nilikuwa nimewataja wafalme wa nchi nisizoweza kuzionyesha kwenye ramani, nimemtaja hata mbwa aliyerushwa angani. Niliiandika sentensi hiyo kwa muda mrefu kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika pale. Siku kama ya leo, mwaka jana, fundi wa cherehani alifariki Ngara akiokoa sare za watoto wa wateja wake. Halafu jina lake. Sikumlaumu mtu ndani yake. Sikutaja kiwanja, wala aliyekinunua.

Bosi wangu alikuwa mtu wa adabu. Aliishi Muthangari, kwenye nyumba yenye bustani ambako alitualika kila Desemba, na alikuwa na desturi ya kuvua miwani anapotaka kukukatalia jambo. Aliivua.

"Hii si historia," alisema.

"Ilitokea mwaka jana, siku hii hii."

"Vitu vingi vilitokea mwaka jana. Huyu alikuwa nani?"

"Nimeandika. Fundi wa cherehani."

"Ndiyo, lakini alikuwa nani?" Alinitazama kwa upole, kama anayengoja mtoto aelewe hesabu. "Dada, msikilizaji ameamka, anapeleka watoto shule, anataka kitu cha kumchangamsha. Kesho ni siku ya chai duniani. Tuna tangazo la majani ya chai. Weka chai."

"Naweza kuweka chai na nikaweka hii pia. Ni sentensi moja."

"Na wenye ule mradi wakisikia? Unajua walivyo karibu kuleta matangazo hapa?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa anajua kabisa fundi alikuwa nani. Nilibishana naye mpaka akasimama. Niliondoka na ruhusa ya nusunusu: niandike chai, niiache ile sentensi mwisho, na mtangazaji ataamua kulingana na muda. Nilimfuata mtangazaji, nikamsihi. Aliniwekea mkono begani, akaniambia, "Usijali, siz, hiyo nimeshika." Kwa hiyo sikumpigia mama kumwonya. Nilikuwa nimepewa neno.

Asubuhi ile nilisimama nyuma ya kioo cha studio. Alisoma hadithi ya mfalme wa Uchina aliyekuwa akichemsha maji chini ya mti, majani yakaangukia humo, na hivyo ndivyo dunia ilivyopata chai. Aliisoma vizuri sana. Alicheka mahali pa kucheka. Akamuuliza mwenzake yeye hunywa ya rangi au ya maziwa, wakabishana kuhusu tangawizi, dakika zikaenda, halafu nikamwona akiigeuza karatasi yangu uso chini na kuweka tangazo. Muda ulikuwepo. Waliutumia kwa tangawizi.

Mzee Mhindi hakupiga simu. Hiyo ndiyo siku pekee niliyotamani apige.

Saa ya chakula cha mchana nilitembea kwa miguu hadi Ngara. Kiwanja kilikuwa kimezungushiwa mabati mapya yenye picha za jengo litakalokuwa, na watu waliochorwa wakipita mbele yake na mifuko ya manunuzi. Dukani kwa mzee walikuwa bado wapo. Walikuwa wamepanga viti barazani. Mama alikuwa amevaa sare yake ya kanisani. Mjane alikaa katikati, mwanamke mdogo kuliko nilivyomdhania, amevaa sweta licha ya jua, na mapajani ameshika picha ya mumewe ndani ya fremu. Walikuwa wameiweka hiyo picha kando ya redio, nilikuja kuambiwa baadaye, ili naye asikie.

"Shikamoo, mama," nilisema. Mama hakuitikia.

Nilianza kumweleza mjane. Nilieleza kuhusu bosi, kuhusu mtangazaji, kuhusu muda. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, bila ubaya wowote, "Sisi tulifikiri labda inakuja baada ya ile ya mfalme. Tukangoja. Halafu ikaja ile ya barabara, tukangoja. Tumengoja mpaka taarifa ya saa nne."

"Pole sana, dada yangu."

"Hapana, si wewe. Safari ni ndefu tu."

Mzee Mhindi alikuwa amesimama mlangoni pa duka. Niliingia kumsalimia. Alinipa mkono, akaangalia vitambaa vyake.

"Miaka yote hii nafikiri ni wewe unasema," aliniambia. "Kumbe wewe unaandika tu, wengine wanasema."

Hakuwahi kunipigia tena. Diwali ya mwaka huo kituo kilisema ni sikukuu ya taa, maana siku hiyo nilikuwa likizo, na hata hapo hakupiga.

Mama alinisindikiza mpaka kituo cha matatu, na hapo ndipo aliponisemesha. "Ungeniambia usiku, nisingemwita mwenye msiba atoke Busia kuja kusikiliza habari za majani."

"Niliahidiwa, mama."

"Na mimi uliniahidi."

Jengo lilimalizika. Lina vioo vya kijani na ngazi za umeme, na wenyewe kweli walileta matangazo. Walinunua kipindi changu kizima, kikawa kinaletwa kwa hisani yao. Jengo lilipotimiza mwaka mmoja bosi aliniita. Alikuwa na miwani yake usoni.

"Siku kama ya leo, mwaka jana, milango ilifunguliwa," alisema. "Andika kitu kizuri. Ajira, maendeleo, sura mpya ya Ngara."

Nilimuuliza kama hiyo ni historia.

"Usianze," alisema.

Nikamwambia siandiki. Sikupandisha sauti, nilikuwa nimechoka sana siku hiyo, na nadhani kama ningekuwa na nguvu zaidi ningepata hofu. Mwenzangu wa dawati la michezo aliandika, kwa kukosea upatanisho wa kisarufi karibu kila mstari, ikasomwa ikafuatwa na muziki. Mkataba wangu ulipokwisha miezi michache baadaye haukuongezwa. Waliniandalia keki. Bosi alitoa hotuba fupi kuhusu mchango wangu katika lugha ya taifa.

Sasa nafanya tafsiri nyumbani, vipeperushi vya dawa na maelekezo ya mashine. Kipindi bado kipo. Nimekisikia kwenye magari ya watu. Nasikia siku hizi kompyuta ndiyo inayoandika, na pweza bado yumo.

Mwaka huu, siku ile ilipokaribia, mama hakuniambia lolote. Nilijua hajaisahau kwa sababu alinituma nimpelekee viatu vyake vyeusi kwa fundi viatu. Jumapili nilienda naye kanisani kwake Dagoretti. Alikuwa amemwombea fundi asomwe katika nia za misa, pamoja na marehemu wengine. Msomaji alikuwa kijana wa kwaya mwenye haraka. Alipofika kwa fundi, alilitamka jina la ukoo vibaya, likawa jina la mtu wa kabila jingine kabisa, akaruka kwenda kwa anayefuata.

Mama alisimama. Kanisa lilikuwa limejaa. Alisimama katikati ya maombi, ameshikilia benchi la mbele yake kwa sababu ya magoti, akalitamka jina lile kwa sauti, lote, la kwanza na la ukoo.

Kijana akamtazama padri. Padri akaitikia kwa kichwa. Kijana akalirudia, safari hii sawasawa, na watu wakaitikia.

Mama akaketi. Nilitaka kumshika mkono, lakini alikuwa ameikunja mikono yake yote miwili juu ya mkoba, na hakunitazama mpaka misa ilipokwisha.