Punda wa Jirani Msituni Iveti

Nilimwiba punda wa jirani. Sikutaka kumuuza. Nilitaka jirani abebe maji kwa mgongo wake mwenyewe, na mimi nimwangalie.

Nilikuwa nyumbani katikati ya muhula, nimefukuzwa wiki mbili kwa kuiga mwendo wa naibu mwalimu mkuu kwenye paredi huku yeye akiwa nyuma yangu. Jumapili, nje ya kanisa, mama akamwomba jirani punda wa kubebea maji. Zamu ya mama ya mwethya, kazi ya kusaidiana kwa kikundi, ilikuwa imefika: Jumatano wanawake wa kikundi wangekuja na majembe kuchimba matuta shambani kwetu, kama yeye alivyochimba kwao. Mwenye shamba ndiye hulisha kikundi. Bila maji hakuna isyo, na mahindi na maharagwe yake hayaivi kwa maombi. Anayeshindwa kuwalisha husukumwa hadi mwisho wa zamu, na mwaka huo mvua ilikuwa karibu.

"Kijana wangu atamwongoza," mama alisema.

"Huyu?" Jirani, mzee wa maneno mengi, alinipima kutoka viatu hadi nywele. "Mama, huyu hata punda hawezi kumwamini. Maji nitaleta mwenyewe. Nimesema mbele ya hawa wote."

Waumini wakacheka. Mwalimu wa Sunday school alicheka hadi akashika ukuta. Mimi pia nilitoa meno, lakini hesabu nilikuwa nimeshaianza. Ameahidi mbele ya kanisa, hawezi kurudi nyuma. Punda akikosekana, itabidi mzee afunge mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kama wanawake anaowachekaga wakitoka mtoni. Nilitaka kuiona shingo ile ikipinda.

Jumatano asubuhi mzee alimfunga punda mitungi minne mitupu, kisha akaingia ndani kunywa chai. Chai ya mzee ni ndefu. Nikamfungua punda, tukapanda mlima.

Msitu wa Iveti nilikuwa nimeuona maisha yangu yote, lakini kwa mbali tu, kama ukuta wa kanisa la watu wengine. Tuliambiwa kuna chui, kuna askari wa misitu, kuna watu walioingia wakatoka wakiongea peke yao. Tulivuka misaiprasi iliyopandwa kwa mistari, kisha mistari ikaisha, miti ikaota inavyotaka. Punda ndiye aliyesikia harufu ya maji. Alinivuta hadi kwenye mwamba, na chini yake kulikuwa na dimbwi, jeusi na tulivu, limefunikwa na kivuli.

Nilivua kila kitu nikaruka. Baridi ilinipiga kofi kuliko walimu wote. Nilipoibuka nilipiga kelele, na hakuna aliyeniambia nisimame wima. Nilimwiga naibu. Nilimwiga mzee: "Hata punda hawezi kumwamini!" Msitu ukanirudishia sauti, tumbili wakakimbia, nami nikaogelea chali nikimtazama mzee akilini mwangu akipanda mteremko kwa magoti. Nilimwongezea mtungi wa pili. Sijawahi kuwa na furaha safi namna hiyo, na ilikuwa na sumu ndani yake.

Nyimbo za mwethya zilikuwa zikipanda kutoka chini, majembe yakifuata sauti. Halafu zikakatika.

Nilipanda mwamba nikachungulia shambani kwetu chini. Wanawake walikuwa wamekalia mipini ya majembe. Jikoni kwetu hakukuwa na moshi. Na mzee? Alikuwa kwenye kiti chetu, kivulini, mguu juu ya mguu, akieleza kwa mikono, bila shaka, jinsi wezi wa punda walivyoharibika siku hizi. Hakuwa amebeba hata kijiko. Aliyekuwa amesimama kando na sufuria tupu ni mama.

Nilivaa shati ndani nje. Nilijaza mitungi minne, nikateremka mbio, punda akinilaani.

"Haiya," akasema mama mmoja wa kikundi, "punda amerudi na mwizi wake."

"Huyo ni punda wangu!" Mzee aliruka kitini.

"Ndiye, mzee. Ameniamini hadi Iveti na kurudi."

Safari hii kicheko kilikuwa changu. Nilimchotea kikombe cha kwanza, kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Mbele ya wanawake wale hakuweza kukataa. Akanywa kama anayemeza misumari.

"Na si ulisema maji utaleta mwenyewe?" yule mama akamwambia. "Basi shusha mitungi."

Akainama. Shingo ikapinda, mtungi baada ya mtungi, nami sikupepesa jicho.

Moto ukawashwa, majembe yakarudi udongoni. Mama alichota maji akaonja. Akatazama nywele zangu zilizokuwa bado zinadondosha maji, akatazama shati, akautazama mlima. Mzee akangoja nichapwe. Mimi pia nilingoja.

"Maji ni matamu," mama akasema. "Kesho utarudi huko huko ulete mitungi minne mingine. Punda atabaki kwa mwenyewe. Kamba ya kubebea iko nyuma ya mlango."