Kompyuta ya Falone Isiyomkataa Mgeni

Kuna watu wanaopanda gari la Falone kwa sababu wana safari, na kuna wanaotafuta safari ili wapande gari la Falone. Pale ambapo magari mengine ya Kasongo yana tundu la redio na nyaya mbili zinazoning'inia, yeye ameweka kompyuta. Ameiunda mwenyewe: matumbo ya kompyuta ya mtu iliyovunjika kioo, skrini ya tableti, feni ndogo, vyote vimekazwa kwa mpira wa tairi. Spika ziko chini ya viti, na baragumu limekaa juu ya paa. Simu ya abiria huunganishwa bila waya, na muziki unasikika mpaka mashambani. Mumewe Christophe hulalamika kwamba katika watoto wao wote, huyo wa chuma ndiye anayedekezwa.

Falone ana mdomo mkali na roho pana. Kwake, anayekaa kiti cha mbele ana haki ya wimbo wake, awe mkulima wa Wamaza au mchimba dhahabu wa Salamabila. Nyumbani kwao mgeni akifika, mtu huinuka akampisha kiti, na hakuona kwa nini kompyuta ikose adabu hiyo. Kwa hiyo aliiandika ndani ya programu kwa mkono wake: simu iliyowahi kupanda isiulizwe ruhusa tena, na inayokuja sasa ipewe nafasi ya iliyotangulia.

Ndipo ikaja arusi ya Darlène, binti kutoka Nyangwe aliyekuwa anaolewa Kabambare. Alilelewa na bibi yake, Nyanya Louise, ambaye miguu yake haikubali tena kupanda gari. Sasa, katika ukoo wao bibi arusi hashuki mbele ya nyumba ya mume mpaka mkubwa aliyemlea amwambie shuka, na watu wote wasikie. Falone ndiye aliyetoa dawa. Nyanya aseme maneno yake mapema, yarekodiwe kwenye simu ya Apolline, shangazi wa bibi arusi, na baragumu litayafikisha. Aliapa, tena kwa kujigamba, kwamba hata viziwi wa Kabambare watasikia.

Walifika mchana wakiwa wamepakwa matope. Ua ulijaa watu. Apolline alishika mlango ili Darlène asijisahau akashuka, kisha akaipa simu idhini ya kusema. Baragumu likakohoa, likapiga muziki wa dansi. Akina mama wa upande wa bwana arusi wakaanza kucheza palepale.

"Mama Falone, hiyo njo baraka?" Apolline aliuliza.

"Ngoja kidogo, tantine. Mashine iko inatafuta."

Alidhani bati la gari ndilo linaloziba mawimbi. Akaichomoa antena ndogo nyuma ya skrini, akaifunga kwenye kioo cha pembeni. Sauti ya Nyanya Louise ikatoka, nyembamba na safi: "Darlène, mwana wa..." Dansi ikammeza. Watu wakaangua kicheko. Darlène hakucheka. Machozi yalikuwa yamefika kwenye kidevu.

"Sasa minalala humu ndani?" alinong'ona.

Jasho lilimtoka Falone. Akatazama skrini vizuri kwa mara ya kwanza, akaona jina la simu inayopiga muziki: Hemedi. Kuinua macho, huyo hapo, mfanyabiashara wa dhahabu aliyembeba majuzi kutoka Salamabila, anazungusha kiuno katikati ya ua, simu imo mfukoni mwa shati.

"Hemedi! Zima telefone yako!"

Hemedi akazima, lakini simu ya mpiga ngoma ikashika nafasi, na baada yake ya katekista, ikiwa na zaburi. Wote hao waliwahi kukaa kiti cha mbele. Kila aliyesogea karibu na gari alipishwa kiti, na Nyanya Louise akasimamishwa. Mashine haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inafanya vilevile alivyoifundisha, na Falone aliona haya mpaka masikioni.

Akavuta kibodi chini ya kiti, akaiweka juu ya usukani. Kufuta ule mstari wa kupisha wageni kulimwuma, alijiona kama anamfukuza mtu mlangoni kwa mama yake. Akaufuta. Akaandika mwingine: aliyekwisha kukaa asiinuliwe mpaka amalize. Akaizima mashine, akaiwasha, nayo ikaamka kwa uvivu wake wa siku zote. Apolline akabonyeza simu yake tena.

"Darlène, mwana wangu," baragumu likasema.

Kisha kimya. Falone akanyoosha mkono haraka, akidhani imekufa tena, lakini Apolline akaudaka.

"Acha. Nyanya iko anangoja."

Kweli alikuwa anangoja. Kabla ya hapo Nyanya Louise hakuwa amewahi kurekodi kitu maishani mwake. Alisema na simu kama anavyosema na mtu aliye mbele yake, akampa nafasi ya kujibu.

"Ndiyo, Nyanya," Darlène akaitika.

"Ulikula mu njia?"

"Nilikula."

"Vizuri. Sahani yao usiikatae. Na wakikutesa, njia ya Nyangwe iko, haina mutu aliyeifunga."

Wakwe wakatazamana. Mama mmoja akapiga kigelegele, labda kwa kutojua afanye nini kingine. Baragumu lilinyamaza tena, safari hii kwa muda mrefu.

"Unalia?"

"Hapana, Nyanya," Darlène alisema, shela yote imelowa.

"Muongo," likasema baragumu juu ya vichwa vya watu wote. "Haya, shuka, mama."

Apolline akaachia mlango. Darlène akacheka huku kamasi zikimtoka, akakanyaga udongo wa Kabambare.