Mimi Njo Nilibonyeza Buto ya Taa

Makosa ni yangu. Naanza na hii neno sababu nikizunguka-zunguka nitakimbia tena, na nimekimbia vya kutosha. Ndugu musomaji, niliharibu mukono ya mutu mwema, kisha nikamuacha aamini kama alijiharibu mwenyewe!

Niko baba wa batoto hapa Bunia. Nilinunua gari moja ya zamani, ya chini-chini, ile yenye mataa inalala ndani ya kapo, kifuniko ya mbele. Ukibonyeza buto, taa inaamuka, ukizima, inalala. Eh, nilipenda ile gari! Batu balikuwa banasimama kwa barabara kuiangalia, na mimi najifanya kama sibaone.

Kisha taa ya kushoto ikaanza fujo. Siku moja inaamuka, siku ingine inabaki imelala. Siku ingine inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, mpaka vijana ya avenue yetu bakaiita gari yangu "Konyeza". Na dada yangu mudogo alikuwa anaolewa samedi ya ile wiki! Gari yangu njo ilipashwa kubeba bibi-arusi. Haya ilinijaa.

Nikaipeleka kwa Papa Udaga. Ni muzee wa Mahagi, alikaa hapa Bunia miaka mingi anatengeneza umeme ya magari. Alikuwa rafiki ya marehemu baba yangu. Mimi aliniita "mutoto yangu", hata mbele ya bateja bakubwa.

Fundi ya kweli! Hakubahatisha kitu. Alitoa fizible kwanza, umeme isipite. Kisha rele, zile swichi ndogo ya umeme: akahamisha ya kushoto kuume, na ya kuume kushoto, aone kama ugonjwa itahama nayo. Haikuhama. "Basi rele iko muzima," akasema. Akafungua motere ndogo ya taa, akakuta maji iliingia, kutu imekula pale umeme inapita. Akasugua pole pole na papier de verre, ile karatasi ya kusugulia chuma, anapuliza, anasugua tena.

Kwa saa nane ya muchana akarudisha fizible juu ya kujaribu. Motere ikalia kidogo, ikakwama.

"Nitaizungusha na mukono," akaniambia. Mimi nilikuwa nimekaa ndani, kwa kiti ya shofere, sababu mvua ilikuwa inatonya. "Mutoto yangu, usiguse kitu. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

Nilisikia! Alisema wazi! Lakini vijana balikuwa hapo kwa barabara, banacheka: "Konyeza amekufa jicho!" Nikasema ndani ya roho, nitabaonyesha sasa hivi.

Nikabonyeza.

Taa iliamuka muzuri sana. Na mukono ya Papa Udaga ilikuwa ndani ya vyuma.

Sitaandika namna alilia. Nilizima, nikaruka inje, tukamutoa. Damu ilikuwa mpaka kwa kiwiko. Na yeye, katika ile maumivu yote, akaniuliza pole pole: "Mutoto yangu, uligusa buto?"

"Hapana, Papa."

Sijui ile neno ilitoka wapi. Ilitoka tu.

Mama Beatrice, bibi yake, akafika anakimbia, akafungua kikwembe yake ya kiunoni juu ya kufunga ule mukono. Papa Udaga akauliza tena, mbele ya batu bote: "Haukugusa? Kweli?"

"Sikugusa, Papa! Imejipandisha yenyewe!"

Akauliza mara ya tatu, kwa macho tu. Nikatikisa kichwa.

Basi akaegama kwa gari, akafunga macho. "Ni mimi," akasema. "Nilisahau kutoa fizible tena. Niliizungusha, umeme ikaikamata. Ni mimi mwenyewe."

Kwa hopitali balikata vidole mbili ya mukono ya kuume. Ya tatu ilibaki, lakini haikunji.

Ningeweza kusema ile siku. Ningeweza kusema kesho yake, nilipomupelekea matunda na bibi yake akanishukuru! Nilinyamaza. Na ubaya yangu haikuishia pale. Batu banaponiuliza namna ilipita, nilikuwa najibu: "Muzee amechoka. Siku hizi anasahau-sahau." Mimi! Kwa kinywa yangu! Bateja bakasikia. Mumoja akahamisha gari yake, na mwingine, na mwingine.

Lakini kilichomumaliza haikukuwa bateja. Aliacha kujiamini. Mama Beatrice aliniambia kama bwana yake anashika waya, anaiangalia, anaiweka chini. Anasema: "Kama nilisahau kitu ndogo vile, kesho nitachoma gari ya mutu na batoto ndani." Akafunga atelye, pale alikuwa anatengenezea magari. Bakahama, bakaenda kwa kaka ya muzee huko Mahagi-Port.

Ile gari iko kwa parcelle yangu, hapa nyumbani, mpaka leo. Siiendeshe. Bibi yangu aliniuliza kwa nini, nikamudanganya na yeye.

Mwezi uliopita nilishindwa kubeba ile uongo. Nikapanda pikipiki mpaka Mahagi, kisha nikashuka mpaka ku ziwa. Nilimukuta amekaa inje ya nyumba, anachagua samaki kavu na mukono ya kushoto. Alifurahi kuniona! Akaniletea kiti mwenyewe.

Sikukaa. "Papa, ile siku, mimi njo nilibonyeza."

Akaweka samaki chini. Kisha akacheka kidogo.

"Mama Beatrice njo alikutuma?"

"Hapana, Papa! Hakuna mutu alinituma. Nilibonyeza mimi, na mikono yangu!"

"Weye uko na roho ya baba yako," akasema. "Umetoka Bunia mpaka huku juu ya kunitua mzigo. Asante. Lakini usijibebeshe zambi ya uongo sababu ya kunihurumia."

"Naapa mbele ya Mungu!"

"Usiape!" Hapo akakasirika kweli. "Nilikuuliza mara tatu. Damu inatoka. Ingekuwa weye, ungesema. Mimi nilikuona ukingali kitoto. Hauko mutu wa kuacha mwenzako vile."

Nililia. Akadhani nalia juu ya vidole yake, akanipiga-piga mugongo na ile mukono. Nilirudilia, nikaeleza na buto, na vijana, na mvua. Akakataa. Akaita bibi yake: "Mama, mufungie mutoto yetu samaki, apelekee batoto."

Nikazibeba. Ningefanya nini?

Sasa sina mahali pa kwenda tena. Mutu mumoja tu njo angeweza kunisamehe, na yeye anakataa kuamini kama kuna kitu ya kusamehe.

Weye unayesoma, kama kuna mutu anabeba kosa yako, kimbia kwake leo! Usingojee ahame, usingojee azoee. Mimi nilifika na ukweli yote, kamili, na muzee akanirudishia na heshima, sababu ananipenda.